Mrejesho: ile mashua kuukuu niliyonunua Bagamoyo

Wakuu, niliwauliza nitajuaje asili ya mashua niliyouziwa bila karatasi hata moja. Wengi mlisema tafuta wazee. Nimewatafuta.

Fundi mmoja pale ufukweni, karibu na soko la samaki, hata jina la chombo hakuuliza. Shikamoo tu, akainama, akapapasa mataruma (mbavu za ndani za chombo), akakwangua ubavu kwa kisu: chini ya buluu kijani, chini ya kijani nyeusi ya sifa, yale mafuta ya papa, bado inanuka! Akasema mkuku, ule uti wa chini wa chombo, ni mvule wa zamani, ila mbao mbili za ubavuni ni mwembe. "Hapo mwenyewe aliishiwa hela," akacheka.

Aliyeniuzia aliniapia ni dau la Lamu. Si kweli. Dau huchongoka mbele na nyuma, hili tezi yake, yaani nyuma, ni bapa.

Nahodha mstaafu ndiye aliyelitambua, kwa kiraka cha omo, yaani mbele. Anasema lilikuwa likibeba boriti za mikoko kutoka Rufiji, tena kwa jina lingine. Jina hilo kalitaja, kisha kanikataza kulirudisha kwenye chombo, sababu hakunipa.

Sasa tunakalafati, yaani tunaziba mianya ya mbao, bado deheni (mafuta na chokaa ya kupaka chini). Bamvua lijalo, maji yakijaa sana, tunashusha baharini.