Niko peke yangu na kazi naifanya kwa mbali: nihamie mji mdogo tulivu au jiji kubwa?

Mkazi wa Muda
Habari za wakati huu wakuu. Kuna jambo linaninyima usingizi. Mkataba wangu wa pango unaisha mwisho wa mwezi ujao na mwenye nyumba anataka jibu: nasaini mwaka mwingine au nakabidhi funguo. Kazi yangu ni ya kompyuta, ofisini sihitajiki, sina mke wala mtoto. Nimeona nisipohama sasa sitahama tena.

Nina sehemu mbili. A ni mji mdogo kando ya maji, pango karibu nusu ya ninalolipa sasa, kimya, hewa safi. B ni jiji kubwa, pango linauma, ila kuna watu wa fani yangu, sehemu za kukodi meza ya kazi, na uwanja wa ndege uko karibu. Moyo uko A, kichwa kiko B. Waliowahi kuhama wakiwa peke yao naomba mnisaidie.

Fundi Nyaya
Mtoa mada umeleta nusu ya habari. A iko ndani ya nchi au nje? Umeajiriwa au unafanya kazi za vibarua vya mtandaoni? Huko A utapishana saa ngapi na mwajiri wako? Intaneti inaingia kwa faiba, mnara wa simu au setilaiti? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli tu.

Pwani Tu
A. Usifikirie mara mbili. Maji, kimya, pango nusu. Jiji halikimbii, utalikuta.

Karani Mstaafu
Naongezea swali kwa Fundi: mwajiri anajua kwamba unafikiria kuhama?

Mkazi wa Muda
Samahani wakuu, niliandika haraka. A iko nje ya nchi, B iko ndani. Nimeajiriwa, mkataba wa kudumu. Mwajiri yuko mbali, kwa sasa tunapishana saa mbili, nikienda A tutapishana saa nane, wao wakiwa nyuma. Sijamwambia bado, nilitaka niamue kwanza. Kuhusu intaneti, dalali amesema ni nzuri.

Fundi Nyaya
"Dalali amesema ni nzuri." Hapo nimecheka peke yangu.

Mwambie akupimie kasi akiwa ndani ya nyumba yenyewe, kompyuta imechomekwa waya kwenye ruta, na apime jioni watu wakiwa wamerudi majumbani. Kisha usiangalie kasi ya kupakua peke yake. Kinachokuaibisha kwenye mkutano wa video ni kasi ya kupakia, na muda ambao sauti yako inachukua kufika upande wa pili. Ukiambiwa ni setilaiti, uliza ni ya aina gani. Zile za zamani zinakaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na kwa umbali huo unauliza swali, unangoja zaidi ya nusu sekunde kabla jibu halijaanza kukufikia, mwisho mnaongea wote kwa pamoja. Hizi mpya za karibu kilomita 550 zinafaa kwa mkutano, ila sahani yake inataka kuona anga wazi. Mti mmoja mkubwa ukikaa vibaya, mkutano unakatika kila baada ya muda.

Na ruta uiwekee betri yake ya akiba. Kompyuta ya mkononi itahimili umeme ukikatika, ruta haihimili.

Karani Mstaafu
Intaneti itapatikana. Mimi naogopa karatasi.

Nchi nyingi zikikuta umekaa ndani ya mipaka yao siku 183 au zaidi katika mwaka zinakuhesabu mkaazi wa kodi, na mkaazi mara nyingi anadaiwa kodi ya mapato yake yote, hata mshahara unaoingia benki ya nchi nyingine. Watu wameishika hiyo 183 wakadhani ukikaa 182 uko salama. Siyo kipimo pekee. Mikataba ya kuzuia mtu kutozwa mara mbili, ambayo mingi inafuata kielelezo cha OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri), inauliza kwa mfuatano: makazi yako ya kudumu yako wapi, kitovu cha maisha yako kiko wapi, kwa kawaida unaishi wapi, na mwishoni uraia wako. Mwenye familia anajibu swali la pili kwa urahisi, anaonyesha walipo mke na watoto. Wewe uliyekabidhi funguo huku na kupanga kule utaonyesha nini? Ndiyo maana ninyi mlio peke yenu ndio mnaopaswa kutunza kila tiketi na kila mkataba wa pango.

Kuna na upande wa mwajiri. Mfanyakazi mmoja akikaa nchi ya kigeni anaweza kufanya kampuni ihesabiwe kuwa ina makao ya biashara huko, ikadaiwa kodi na michango ya hifadhi ya jamii. Ofisi zikikataa mnasema zina roho mbaya, kumbe zinaogopa hilo. Mwambie kabla hujasaini chochote.

Mkazi wa Muda
Si nitaingia kwa viza ya utalii kwanza nione hali?

Karani Mstaafu
Sehemu nyingi viza ya utalii haikupi ruhusa ya kufanya kazi, hata kama anayekulipa yuko sayari nyingine. Uliza kama nchi hiyo ina kibali cha wafanyakazi wa mbali. Siku hizi ziko nyingi: Barbados na Estonia walianza 2020, Kroatia 2021, Ureno 2022, Uhispania 2023. Soma masharti yao. Ureno, kwa mfano, wanataka kipato kisichopungua mara nne ya kima cha chini cha mshahara wa kwao. Kama A iko eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, mgeni wa kawaida ana siku 90 ndani ya kila siku 180, na kutoka nje wikendi moja na kurudi hakuanzishi hesabu upya kama wengi wanavyojidanganya.

Bi Mizigo
Mleta uzi kaa chini nikusimulie.

Nilihamia mji wa aina hiyo hiyo, mdogo, kando ya maji, mimi na kompyuta yangu. Nilikuwa nimeutembelea msimu wa likizo: mitaa imejaa, muziki hadi usiku, kila meza ina mtu wa kupiga naye soga. Nikasaini mwaka mzima. Msimu ulipoisha nusu ya biashara zikafunga milango. Waliobaki ni wenyeji wanaojuana tangu utotoni. Siwalaumu, salamu walinipa vizuri kabisa, ila jioni zao zilikuwa zimeshajaa ndugu na marafiki wa zamani.

Kuhusu intaneti, mwenye nyumba aliniapia faiba ipo. Na ilikuwepo kweli, kwenye nguzo nje ya geti. Kuiingiza ndani kulihitaji waya upite juu ya uwanja wa jirani, na jirani na mwenye nyumba walikuwa hawasemezani kwa ugomvi wa ukuta. Nikawa nafanya mikutano kwa bando la simu, nimekaa kwenye ngazi kwa sababu mtandao ulifika hapo tu. Bosi akaanza kuuliza kwa nini kamera yangu haiwashwi.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonitoa ni homa. Nililala kitandani siwezi hata kufika jikoni. Ofisini walikuwa na ujumbe wangu kwamba napumzika, kwa hiyo walitulia. Nyumbani walijua niko kazini, wakatulia. Mwenye nyumba anaishi mji mwingine. Hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa na funguo ya akiba. Aliyenigundua ni kijana aliyekuja kusoma mita ya umeme, akasikia mtu anakohoa na mlango haufunguliwi. Akamwita yule jirani wa ugomvi wa ukuta, na huyo ndiye aliyenipeleka zahanati kwa gari lake. Nesi akaniuliza mtu wangu wa karibu aandikwe nani. Nikamtajia jina la bosi, aliye bara jingine, ambaye sijawahi hata kumshika mkono.

Nilipoondoka mwenye nyumba alizuia amana yangu yote, akidai ngazi imechubuka.

Pwani Tu
Pole sana dada. Lakini homa haichagui mji. Jijini utaugua ghorofa ya saba, majirani hata jina lako hawalijui, na mita siku hizi inajisoma yenyewe, huyo kijana hatakuja. Afadhali huko jirani alikuwa na gari.

Bi Mizigo
Jijini nina watu ninaowajua tayari. Huo ndio utofauti, siyo idadi ya ghorofa.

Pwani Tu
Mtoa mada hajasema kama ana anayemjua huko B. Umemjazia wewe.

Kijana wa Dawati
Mmebishana maji na ghorofa, saa nane mmezipita kimya. Hebu tupige hesabu. Mwajiri akianza saa tatu asubuhi yake, A ni saa kumi na moja jioni. Akimaliza saa kumi na moja jioni, A ni saa saba usiku. Kila siku ya kazi. Ndugu yetu atakuwa mbele ya kompyuta kuanzia dakika ile ambayo mji wote unatoka kazini hadi utakapokuwa umelala.

Kuna utafiti wa Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, ulitoka 2018. Alikuta kwamba watu wanahitaji takribani saa 50 za kukaa pamoja kutoka kujuana hadi kuwa marafiki wa kawaida, na zaidi ya saa 200 kufikia urafiki wa karibu. Mtu mwenye familia anahama na watu wake ndani ya gari. Aliye peke yake anaanza na sifuri, na saa za kuanzia ndizo hizo za jioni ambazo kazi imezichukua. Ukikaa na mtu kwa muda wa saa tatu kila wikendi, 200 unazifikisha baada ya zaidi ya mwaka, na hapo hamjaahirisha hata mara moja. Mimi nisingeuliza mji gani mzuri, ningeuliza jioni zangu zitakuwa za nani.

Shangazi Kalenda
Hizo saa nane zenyewe hazitulii. Kama mwajiri yuko nchi zinazosogeza saa, Marekani wanasogeza Machi na Novemba, Ulaya mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba. Kuna miezi mtapishana saba au tisa. Ikiwa tisa, unamaliza saa nane usiku. Halafu shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka kazi ya zamu za usiku kwenye kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, mwaka 2007, na 2019 wakathibitisha tena.

Pwani Tu
Sasa mmefika saratani! Mtu kauliza kuhusu pango.

Fundi Nyaya
Shangazi, zile ni zamu za kukesha, wauguzi na watu wa viwandani. Anayelala saa nane usiku akaamka saa nne asubuhi bado analala saa nane zake.

Shangazi Kalenda
Analala saa nane jirani akikata nyasi na mtoto akijifunza tarumbeta. Ngoja utuambie hizo saa ni za aina gani. Kaka yangu alifanya kazi ya hivyo, aliishia kulala na mapazia ya turubai na bado alikuwa anagombana na jogoo.

Mpishi wa Ratiba
Natofautiana na Kijana. Asubuhi nzima na mchana ni zake! Aende kuogelea, ajifunze lugha ya huko, ajitolee mahali. Asubuhi kuna wastaafu, watu wa zamu, wenye biashara zao. Marafiki siyo lazima wawe rika lako.

Kijana wa Dawati
Kwa miezi miwili ya mwanzo, ndiyo. Baadaye unaamka saa tano, unafua, unapika, umefika saa kumi na moja. Nimewaona wenzangu.

Sauti ya Chini
Mimi nina swali moja tu. Mtoa mada, mtu mwenye akili zake haachi jiji la nchi yake akapishana saa nane na mshahara kwa sababu ya hewa safi. Kule A kuna mtu?

Bi Mizigo
Hahaha, nilikuwa naogopa kuuliza.

Mkazi wa Muda
Wakuu tusitoke nje ya mada. Nimezungumza na mwajiri leo. Hajakataa, amesema idara ya rasilimali watu itanijibu, na ameuliza kama naweza kwenda kwa muda mfupi kwanza. Dalali nimemwomba kipimo cha kasi, amenitumia picha ya ruta.

Fundi Nyaya
Picha ya ruta. Imewaka au imezima?

Mkazi wa Muda
Imezima.

Karani Mstaafu
Huo muda mfupi aliosema mwajiri ndio njia. Tafuta chumba chenye samani kwa miezi michache, nenda nje ya msimu, fanya kazi kwa saa zile zile za usiku. Bima ya afya ikate kabla ya kuondoka, na uisome kama inatambua mtu anayefanya kazi huko au mtalii tu. Mizigo iache.

Mkazi wa Muda
Sawa mzee. Tatizo la chumba chenye samani ni kwamba wengi hawapokei paka.

Bi Mizigo
Paka?!

Sauti ya Chini
Uzi mzima tunahesabu marafiki na saratani, kumbe ana paka.

Shangazi Kalenda
Hapo tarehe zako zote zinabadilika. Kama A iko Umoja wa Ulaya, paka anawekewa kwanza kidude cha utambulisho chini ya ngozi, ndipo anachanjwa kichaa cha mbwa, kisha mnangoja siku 21. Kama nchi mnayotoka haipo kwenye orodha yao, anapimwa damu angalau siku 30 baada ya chanjo, na kutoka siku ya kutoa damu mnangoja miezi mitatu. Japani ndiyo kabisa, siku 180 tangu damu ilipochukuliwa. Ana umri gani? Ameshachanjwa?

Pwani Tu
Paka anapenda mji mdogo. A.

Mkazi wa Muda
Ana miaka sita, chanjo anazo ila cheti kimoja sikipati. Hicho kidude ni lazima kiwekwe kabla ya chanjo? Yeye alichanjwa kwanza.

Shangazi Kalenda
Ni lazima. Chanjo iliyotangulia kidude haihesabiwi, itabidi arudie. Mpeleke wiki hii, usingoje hao rasilimali watu.