Naombeni ushauri: bango la pombe lenye chupa tu, nitajuaje linafanya kazi?

Habari zenu wakuu, nina mteja anayeuza jini (ile pombe, gin) hapa Dar anataka bango la barabarani, nimemchorea la simpo kabisa, rangi moja, kivuli cha chupa na jina chini basi. Yeye anasema liko tupu, anataka watu wanacheka, limao, barafu na bei iandikwe juu. Nikamtajia Absolut Vodka, wale toka miaka ya 80 matangazo yao yalikuwa chupa na maneno mawili tu na ikawabeba, akanijibu ile chupa ilishajulikana (mwanzoni Marekani wala haikujulikana, ila siwezi kubishana na anayenilipa).

Nimewaonyesha madereva boda sampo zote mbili kwa sekunde chache, la kwangu wanakumbuka chupa jina hawana habari nalo, la kwake wanamkumbuka yule dada anayecheka. Halafu lile onyo la chini ya miaka 18, kwenye bango tupu ndo linaonekana kuliko vyote.

Sasa napimaje kama bango linafanya kazi bila kutegemea mauzo, maana mauzo yanapandishwa na mwisho wa mwezi na mechi za Simba na Yanga? Na kwa brandi ambayo bado haijulikani, jina liwe kubwa kiasi gani mtu wa kwenye daladala alisome?