Ukoo wa Mbagala: kipimo cha baba Alhamisi

Asha: Baba anaingia katheta Alhamisi, ule mrija mwembamba unaopitishwa mshipani hadi moyoni, pale JKCI, taasisi ya moyo Muhimbili. Mama kasikia "wanatoboa moyo", hapati usingizi.

Shemeji Juma: Moyo kutoboka kupo ila ni nadra sana. Kwa kipimo chenyewe, kiharusi, shambulio la moyo au kifo havifiki mtu 1 kati ya 100. Akiwekewa stenti, kile kimirija cha kuuacha wazi mshipa wa moyo uliobana, hatari hupanda kidogo. Kinachosumbua wengi ni pale mrija unapoingilia.

Asha: Pajani au mkononi?

Dada Rehema: Mkono ni bora, mshipa ukiruhusu. Uko karibu na ngozi, chini kuna mfupa, unabanika vizuri. Wa paja damu inaweza kuvujia ndani, nyuma ya tumbo, nje msione kitu. Mzee akilalamika kiuno, akitoka jasho la baridi, presha ikashuka, mwite muuguzi hapohapo. Msiseme ni njaa.

Shemeji Juma: Na akipitia paja atalala chali saa 4 hadi 6, mguu umenyooka. Tunavyomjua hatulii, aambiwe mapema 😅

Mama Mdogo: Ikivuja nyumbani je?

Dada Rehema: Shikamoo mama. Kama ni paja, alazwe chini, mbonyeze kwa nguvu juu kidogo ya kidonda, kuelekea tumboni, kwa sababu tundu la mshipa liko juu ya lile la ngozi. Dakika 10, bila kufunua kuchungulia. Isipokoma, hospitali huku mnabonyeza. Baada ya siku mkiona uvimbe unadunda, ni mshipa unaovujia kwenye kifuko, anahitaji altrasaundi.

Asha: Anakunywa metformini, ile dawa ya kisukari.

Shemeji Juma: Waambieni leo. Ile dawa ya rangi wanayodunga ili mishipa ionekane kwenye eksirei ikizielemea figo, metformini hurundikana na damu huwa na asidi mno. Kwa mwenye figo dhaifu huisimamisha saa 48, hadi kreatinini, kipimo cha damu cha figo, ipimwe upya.

Mama Mdogo: Marahaba Rehema. Na kamba wa baharini wanamdhuru akiwala, si ndiyo itamdhuru na hiyo dawa ya rangi?

Dada Rehema: Hapana mama, hayo ya kamba ni maneno ya mtaani. Cha kutaja ni kama aliwahi kuvimba au kuwashwa baada ya sindano ya rangi yenyewe. Akipata stenti, aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda, asiruke hata siku moja, hata kung'oa jino amuulize kwanza daktari wa moyo. Stenti ikiganda damu ghafla ni shambulio la moyo.

Asha: Kurudi, bodaboda ipo getini.

Shemeji Juma: Asha! Taksi, kiti cha nyuma.