Mita 800: unga wa kabla ya mazoezi, kahawa au bitiruti?

MbioMbili: Wakuu, salaam. Nakimbia mita 800, nina kilo 60. Jamaa wa gym wananishawishi ninunue kopo la ule unga wa kunywa kabla ya mazoezi. Wengine wanasema kahawa inatosha, mmoja kanitajia juisi ya bitiruti. Nishike lipi?

ChumaDoto: Unga, mkuu! Nikiupiga tu, uso unawasha, nanyanyua kama nimepagawa.

BiLishe: Doto, huko kuwashwa ni beta-alanini, kiungo cha unga huo, inachokoza neva za ngozi, si nguvu. Inasaidia kweli mbio za dakika 1 hadi 4, ila ni ya kujilimbikiza kwenye misuli: gramu 3 hadi 6 kila siku, wiki 4 au zaidi. Kriatini, kiungo kingine cha unga, nayo ni ya kila siku, na huongeza uzito wa maji. Kinachokuamsha siku ileile ni kafeini. Miligramu 3 kwa kila kilo yako, saa moja kabla: kwako 180, yaani kama vikombe viwili vya kahawa nzito. Chai ya maziwa haikufikishi huko.

ChumaDoto: Si hata kijiko cha unga kina hiyo kafeini? Tena kahawa kila mpishi na mkono wake.

KochaMzee: Hapo una hoja. Ila soma lebo: makopo mengi hutaja viungo bila kusema kila kimoja ni kiasi gani. Kulikuwa na unga wenye DMAA, kichangamshi kilichopigwa marufuku na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni. Mwaka 2012 mkimbiaji aliyekinywa alifariki kwenye London Marathon. Kafeini yenyewe ilitolewa kwenye orodha ya marufuku 2004. Mkojo ukikutwa na kitu, "sikujua" haifuti kosa. Ukishikilia unga, tafuta wenye alama ya Informed Sport, yaani umepimwa kama una dawa zilizopigwa marufuku.

MbioMbili: Na bitiruti?

BiLishe: Naitreti, kemikali ya asili iliyomo ndani yake, hutanua mishipa ya damu. Kunywa saa 2 hadi 3 kabla, na usisukutue kwa dawa ya kinywa, inaua bakteria wanaoifanyia kazi. Mkojo ukiwa mwekundu usishtuke. Kwa walio juu kabisa faida hupungua.

MbioMbili: Mchujo wangu ni saa 11 jioni, fainali kesho yake asubuhi. Kahawa saa 10, nitalala?

KochaMzee: Kwa shida. Saa 3 usiku karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Mchujo kimbia bila kitu, kahawa iweke ya fainali. Na ijaribu mazoezini kwanza, kuna matumbo hayaivumilii.