Ushauri: Profesa anatupeleka kulala hekalu la Wabudha, Haeinsa (Korea Kusini). Mimi ni Muislamu, niende?

BintiPangani:
Wakuu habarini, na wakubwa zangu shikamooni.

Nipo Daegu, nasoma shahada ya uzamili. Mwishoni mwa Oktoba profesa anayenisimamia anaipeleka maabara nzima kulala usiku mmoja Haeinsa, hekalu lililo ndani kabisa ya bonde la mlima Gaya, msituni. Ameshatulipia wote. Huku mkubwa akikualika, kukataa ni jambo zito, na huyu mzee amenitendea wema tangu nifike.

Tatizo ni ratiba. Kuna ibada ya alfajiri na kusujudu mara 108. Mimi naswali, navaa hijabu, na kuinamia sanamu siwezi. Niende au nitoe udhuru? Na nikienda, chakula, malazi na swala zangu vitakuwaje? Naomba walioishi huku wanisaidie, na tafadhali tusitukanane dini humu.

Abuu_Twalha:
Dada, toa udhuru. Kuona msitu na majengo mchana ni kitu kimoja, kulala pale na kuamshwa kwa ajili ya ibada yao ni kitu kingine. Mwambie kwa adabu, mtu mwema ataelewa. Mlima hauhami, utaenda siku nyingine.

Baharia_Mstaafu:
Marahaba mwanangu. Nimekaa Busan miaka mingi kwa kazi za meli, na mahekalu ya huko nimelala. Namheshimu Abuu, ila mimi nasema nenda.

Utaratibu huu wa wageni kulala hekaluni ulianza 2002, Korea na Japani zilipoandaa Kombe la Dunia. Wanapokea watu wa kila dini na wasio na dini. Mara nyingi kuna aina mbili: ya ratiba kamili, na ya kupumzika ambayo mambo mengi ni hiari. Muombe profesa aulize kama wewe unaweza kuandikishwa kwenye ya kupumzika.

Kusujudu, sema mapema kwamba hushiriki kwa sababu ya imani yako. Unakaa nje au nyuma, kimya, basi. Wakikusalimia kwa kuunganisha viganja, weka mkono kifuani uinamishe kichwa kidogo, hakuna atakayechukia. Mlango wa kati wa ukumbi ni wa watawa, wageni hupita wa pembeni.

Lakini mlio wa alfajiri usikose, na unausikia ukiwa uani. Wanapiga ngoma kubwa ya ngozi kwa ajili ya wanyama wa nchi kavu, gogo lililochongwa umbo la samaki kwa ajili ya viumbe wa majini, bamba la shaba lenye umbo la wingu kwa ajili ya ndege, na kengele kuu kwa ajili ya walio motoni. Ngoma ile mtawa huipiga mpaka kingo zake, na bonde lote linaitika.

Chakula usiwe na wasiwasi. Hakuna nyama, hakuna samaki, wala kitunguu wala kitunguu saumu. Pombe marufuku. Kama mtakula kwa bakuli za watawa, jua hakuna kubakisha: mwishoni unamimina maji, unasugua bakuli kwa kipande cha figili ya kuchachua, unakila hicho kipande na maji unayanywa. Kwa hiyo pakua kidogo.

Mdau_wa_Daegu:
Mzee kamaliza. Mimi nazungumzia mbao, maana watu wanaenda Haeinsa, wanapiga picha miti, wanarudi bila kujua wamepita karibu na nini.

Pale kuna mbao zaidi ya 81,000 zilizochongwa maandiko ya Kibudha pande zote mbili, herufi zikiwa kinyume ili zichapishwe. Zilichongwa karne ya 13, Wamongolia walipokuwa wameivamia nchi, na zilifikishwa Haeinsa mwaka 1398. Hazijaoza mpaka leo. Tazama madirisha ya ghala zilimohifadhiwa: ukuta wa mbele ya chini ni makubwa na ya juu madogo, ukuta wa nyuma ni kinyume chake. Upepo wa bonde unaingia, unazunguka, unatoka. Sakafuni kuna udongo uliochanganywa na mkaa, chumvi na chokaa wa kunyonya unyevu. Miaka ya 1970 serikali ilijenga ghala la kisasa, wakajaribu kuhamishia mbao chache, zikaanza kuota ukungu. Zikarudishwa. Wewe dada upo maabara, simama pale uangalie vizuri!

Ukiamua kwenda mwenyewe siku nyingine kama alivyosema Abuu, basi linatoka kituo cha Seobu hapa Daegu, mwendo wa saa moja na nusu hivi, halafu unapanda kwa miguu kando ya kijito. Kiingilio kilifutwa Mei 2023.

Mama_Nasra:
Mwanangu, mwandikie profesa leo, usingoje mpo ndani ya gari. Mwambie: "Nashukuru sana kwa mwaliko, nitafurahi kuja. Dini yangu hairuhusu kusujudu kwa mwingine, kwa hiyo wakati wa ibada naomba nikae nje. Pia naomba nafasi ndogo ya kuswali." Fupi, bila kujieleza mno. Wanawake wanalala chumba chao, hilo halina shida. Hijabu yako vaa, watakupa fulana ya kuvalia juu na suruali pana, inasitiri.

BintiPangani:
Nawashukuru mno. Abuu, nimekuelewa na nimelifikiria neno lako. Nimeona niende, ibadani nisiingie. Nimemwandikia kama alivyosema Mama Nasra, amejibu kwamba atawaambia hekaluni yeye mwenyewe, na ameuliza naswali saa ngapi ili ratiba isigongane.

Swali la mwisho: kibla, milimani humo mtandao ukisumbua?

Baharia_Mstaafu:
Magharibi, ukielekea kaskazini kidogo. Pakua programu ya dira ukiwa mjini, au jua likizama angalia limezamia upande gani wa chumba. Taa huzimwa kama saa tatu usiku, kwa hiyo isha iswali mapema. Na beba soksi nzito, viatu vinavuliwa kila mlangoni na Oktoba sakafu za mbao alfajiri ni barafu.

Abuu_Twalha:
Allah akulinde dada. Ukirudi tuwekee picha za hayo madirisha.