Wasilisho la dakika 10 kwenye usaili: mada ni mradi wa maji, nikate wapi?

Kisimani:
Wakuu, habari zenu. Nimeitwa usaili wa afisa ufuatiliaji na tathmini kwenye shirika linalochimba visima vijijini. Wasilisho dakika 10, maswali dakika 15. Mada: "Utajuaje kama mradi wa maji katika vijiji 12 umefanikiwa?" Nina slaidi 22: historia ya ufuatiliaji, maana ya kiashiria (kipimo kinachoonyesha kama lengo limefikiwa), aina za tathmini, halafu mpango wangu. Nikijipima natoka dakika 17.

TakwimuHai:
Mkuu, toa zote za mwanzo, anza na mpango. Jopo linajua kiashiria ni nini. Wamekuuliza "utajuaje", basi jibu likae slaidi ya kwanza: mradi umefanikiwa iwapo mwaka mmoja baada ya makabidhiano maji yanatoka, yanatosha, watu wanayafikia, na kijiji kina fedha za matengenezo. Slaidi tano zinazofuata zinaeleza utakavyopima hayo tu.

Viashiria visizidi vinne, na viwe na namba. Sera ya Maji ya Tanzania ya 2002 iliweka: lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo cha kuchotea ndani ya mita 400, kituo kimoja kwa watu 250. Kijiji cha watu 2,000 kinahitaji vituo 8 na lita 50,000 kwa siku. Sasa kisima kikitoa lita 3,000 kwa saa na pampu ikafanya kazi saa 10, unapata lita 30,000. Vituo vyote 8 vinatoa maji, ripoti inasema asilimia 100, na bado watu wana upungufu wa lita 20,000. Weka hesabu hii kwenye slaidi, uipitie taratibu. Hapo ndipo jopo litaona unavyofikiri.

Usisahau takwimu za kabla ya mradi, na taja msimu. Dodoso la awali likifanyika Septemba na la mwisho katikati ya mvua, muda wa kuchota utaonekana umepungua hata kama mradi haujasaidia kitu, maana watu wanakinga maji ya mapaa.

PwaniMoja:
Nakazia hapo kwa TakwimuHai. Kuhusu muda, lenga dakika 8 na nusu, si 10. Projekta itachelewa kuwaka, mwanajopo atakukatiza. Fanya mazoezi ukiwa umesimama na kwa sauti. Kusoma kimoyomoyo ni haraka zaidi, ndiyo maana wengi wanajidanganya kwenye saa. Chagua mapema slaidi moja utakayoiruka muda ukibana.

Bangokitita zima (lile jedwali la malengo, shughuli na viashiria vya mradi) usilibandike, halisomeki kutoka kiti cha nyuma. Chukua mstari mmoja tu. Herufi zisipungue pointi 28. Beba faili la PowerPoint na la PDF kwenye flashi, kwa sababu kompyuta yao isipokuwa na fonti yako maandishi yanahama. Projekta nyingi za zamani zina tundu la VGA tu, hivyo beba adapta kama laptopu yako ni ya HDMI. Nakala za karatasi wape mwishoni. Ukizigawa mwanzoni watasoma mbele yako.

Kisimani:
Shukrani sana wakuu. Slaidi ya wasifu wangu niiweke?

TakwimuHai:
Hapana, CV yako wanayo mezani. Nafasi hiyo itumie kueleza nani atakusanya takwimu: msoma mita wa chombo cha watumia maji (kile kinachosimamia maji kijijini) kila wiki, wewe kila robo mwaka.

Mzee wa Jopo:
Dakika 15 za maswali zina uzito kuliko wanavyodhani wasailiwa. Andaa slaidi tatu za akiba baada ya ile ya mwisho: bajeti, ratiba, na ukubwa wa sampuli ya kaya. Swali linalokuja karibu kila mara ni "fedha zikipungua nusu, unaacha nini?" Jibu kwa kutaja kitu: punguza idadi ya kaya kwenye dodoso, usomaji wa mita ubaki. Na kama tangazo la kazi lilikuwa la Kiingereza, mpigie leo ofisa aliyekuita umuulize utawasilisha kwa lugha gani.