Ripoti ya mchunguzi wa saini: hakimu aiamini kwa lipi?

Bintigede, Malindi
Salaam wanajamvi. Mtu ameshtakiwa kughushi mkataba wa kuuza shamba. Ushahidi mkuu ni ripoti ya mchunguzi wa hati wa polisi, kurasa mbili: saini si ya muuzaji, nayo imetiwa na mshtakiwa. Hakimu amefungwa na ripoti hiyo? Utetezi uanzie wapi?

Mkunguni
Hafungwi, dada. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya (Sura ya 80) chakubali maoni ya mjuzi wa mwandiko, lakini hubaki maoni. Kesi ya Mutonyi ya 1982 yaeleza kwamba hupimwa pamoja na ushahidi mwingine wote. Kifungu cha 77 chaweza kuiingiza ripoti bila mwandishi wake kufika, kwa hiyo wakili aombe mapema aitwe ahojiwe. Kwa Ibara ya 50(2)(j) ya Katiba, adai pia picha zilizokuzwa na barua ya mpelelezi iliyopeleka vielelezo. Barua hiyo isomwe kwa makini: ikiwa imemwambia mchunguzi "mshukiwa amekiri", maoni yameelekezwa kabla kazi haijaanza.

Wino_na_Karatasi
Mkunguni kasema kweli, ila uzito wa kesi hii uko kwenye ile sentensi ya pili ya ripoti. Kusema saini si ya muuzaji kwawezekana: mkono unaoiga huenda polepole, mstari hutetemeka, kalamu huinuliwa pasipostahili, mkandamizo wa kalamu huwa sawa mwanzo hadi mwisho. Kumtaja aliyeiga ni shughuli nyingine kabisa. Anayeiga huchora umbo la mwenziwe na kuuficha mwandiko wake, kwa hiyo mara nyingi hakibaki cha kumtambua. Hapo ndipo pa kumkaza mchunguzi kwa maswali.

Aulizwe alipewa saini ngapi za kweli za muuzaji, na za miaka gani. Mbili tatu hazitoshi, kwa kuwa hakuna atiaye saini sawasawa kila mara. Za kipindi kile kile cha mkataba, kwenye fomu za benki au risiti, zafaa kuliko zilizoandikwa kituoni kwa amri. Na mzee mgonjwa hutetemeka bila kughushiwa.

Je, alichunguza mkataba wenyewe au fotokopi? Fotokopi haionyeshi mkandamizo, na huficha mahali kalamu ilipoinuliwa.

Bintigede, Malindi
Ahsanteni. Tukodi mtaalamu wetu?

Mkunguni
Msikimbilie huko. Wa kulipwa naye atapimwa vile vile, na akija na maoni matupu bila sababu hasaidii. Kwanza tafuteni anayeujua mwandiko wa muuzaji kwa kuuzoea, kama karani aliyepokea barua zake. Kifungu cha 50 chamruhusu kutoa maoni.

Wino_na_Karatasi
Naongezea: "zinafanana" na "ni mkono mmoja" si kauli moja. Ripoti ikisema ya kwanza, wakili asikubali isomwe kama ya pili.